Basi namba 2857 la Montgomery: jinsi ya kuthibitisha na kuhifadhi basi la kihistoria

Kila basi kuukuu lililotelekezwa Alabama lina mtu wa kulisimulia hadithi. Hadithi haitoshi. Gari lenyewe linaweza kukuambia liliundwa lini na wapi. Nani alikamatwa ndani yake utaambiwa na karatasi. Kazi ya uthibitisho ni kupata karatasi inayotaja namba ileile iliyo kwenye bodi. Mfano wetu ni basi ambalo Rosa Parks, mwanamke Mweusi wa mji wa Montgomery, Alabama, alikataa kumpisha Mzungu kiti tarehe 1 Desemba 1955, akakamatwa. Leo lipo kwenye makumbusho ya Henry Ford, Dearborn, Michigan.

Hatua ya 1: Lisome gari kwanza

Tafuta namba mbili, wala usizichanganye: ya kiwandani, iliyogongwa kwenye kibati, na ya kampuni ya usafiri, iliyopakwa kwa rangi. Kwa basi hili ya kiwandani ni 1132, ya kampuni 2857. Modeli ni TDH-3610 ya General Motors, toleo la 1948: T ni basi la mjini, D ni dizeli, H ni gia za haidroliki, 36 ni idadi ya viti. Ukiletewa "basi la Parks" ambalo sakafu yake ina matundu ya boliti za viti 45, fungasha vifaa urudi nyumbani.

Kagua ribeti za kibati kwa lenzi. Zikiwa za aina tofauti na za jirani, au matundu yametanuka, huenda kibati kimetoka gari jingine.

Hatua ya 2: Panga maisha yake mwaka kwa mwaka

Basi la 2857 lilianzia Terre Haute, Indiana, likahamishiwa Montgomery 1954, likastaafishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mkazi mmoja alilinunua, likakaa shambani likiwa stoo ya mbao na zana. Mwaka wa kuhamia ndio wa kushikilia: basi lililofika Montgomery 1956 haliwezi kuwa lenyewe, hata familia nzima iape.

Hatua ya 3: Karatasi

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu nyaraka rasmi za kukamatwa kwa Parks hazikuandika namba ya basi. Kilichookoa jahazi ni daftari la Charles Cummings, aliyekuwa meneja wa kituo cha mabasi Montgomery. Alibandika humo vipande vya magazeti kuhusu mgomo wa Weusi kutopanda mabasi uliofuata kukamatwa kwa Parks, na pembeni akaandika kwa mkono "#2857" na "Blake/#2857". James Blake ndiye aliyekuwa dereva siku ile. Makumbusho yaliajiri mtaalamu wa nyaraka kulikagua daftari kabla ya kutoa hata senti.

Ukipata daftari la namna hiyo, uliza mambo matatu. Mwandiko unafanana na barua nyingine za mtu huyohuyo ambazo hazina ubishi? Wino ni wa aina iliyokuwepo miaka hiyo? Na wino umepita juu ya doa la gundi, au gundi imepita juu ya wino? Hilo la mwisho huonekana vizuri ukimulika taa kutoka ubavuni.

Tahadhari: ile picha maarufu ya Parks dirishani, na Mzungu nyuma yake, si ushahidi wa basi. Ilipigwa 21 Desemba 1956, mwaka mmoja baadaye, tena kwa kupangwa. Yule bwana ni mwandishi wa habari, Nicholas Chriss.

Hatua ya 4: Rangi

Kabla ya msasa wowote, pima madini ya risasi (ledi) kwenye rangi na uvae barakoa ya chujio. Chagua mahali palipojificha jua: nyuma ya fremu ya taa au chini ya ukanda wa alumini. Kwa kisu cha upasuaji chukua kipande cha milimita 2 chenye tabaka zote hadi kwenye bati, kigandishe kwenye rezini, king'arishe, kisha hesabu tabaka kwa hadubini. Pembeni yake fungua duara kwa msasa wa maji namba 600, 1000, halafu 2000. Tabaka zitajipanga kama ngazi.

Kosa la kawaida ni kunakili rangi siku hiyohiyo. Rangi ya mafuta iliyofunikwa gizani huwa na umanjano. Iache duara ipate mwanga siku kadhaa ndipo ulinganishe.

Hatua ya 5: Kutuliza uharibifu

Ondoa betri, mwaga mafuta na maji, weka stendi chini ya ekseli ili matairi yasibebe uzito. Bodi ni alumini. Boliti ya chuma ikikutana nayo penye unyevu, alumini huliwa na kutoa unga mweupe. Safisha kwa brashi laini, tenganisha kwa washa za nailoni. Usiguse alumini kwa magadi makali, huiyeyusha. Stoo iwe na unyevu wa asilimia 45 hadi 55 usiopandapanda.

Pakihitajika kuongeza rangi, tanguliza Paraloid B-72, aina ya plastiki ya kupaka inayoyeyushika tena, ili kazi yako iweze kuondolewa baadaye. Kila kipuri kipya kiandikwe mwaka wake upande usioonekana.

Maswali ya wanachama

*Wakuu, bei ya dola 492,000 ambayo makumbusho yalilinunulia basi mnadani si uthibitisho tosha?*
Hapana. Mnada wa Oktoba 2001 ulianzia dola 50,000, na ushindani ndio uliopandisha. Chenye uzito ni kwamba makumbusho yalimtuma mhifadhi wao Montgomery kulikagua basi kabla ya kushiriki.

*Viti vikiwa vimeng'olewa, tutajuaje alikaa wapi?*
Kuna mchoro wa viti uliotumika katika kesi ya Browder v. Gayle, iliyopinga ubaguzi kwenye mabasi ya Montgomery, umehifadhiwa Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Linganisha na matundu ya boliti sakafuni. Kiti kikiwa si chenyewe, kibao kiandikwe "mahali alipokaa", kisiandikwe "kiti alichokalia".

*Fundi wangu anasema apige mchanga bodi lote, siku moja limekwisha.*
Mkatalie, mkuu. Mchanga hupinda bati la alumini na kufuta ushahidi wote wa Hatua ya 4. Hata ukiamua kulirudisha kwenye sura ya 1955, kama walivyofanya Henry Ford na kulizindua 2003, acha vipande viwili vitatu vya sentimita 30 kwa 30 bila kuguswa.

*Je, tuliwashe injini mara mojamoja?*
Kama limelala miaka mingi, hapana. Kuwasha kwa dakika chache huacha maji na asidi ndani ya injini na ekzosi. Likihitaji kuhama, lipandishe kwenye lori lenye jukwaa bapa, na ufunge kamba kwenye ekseli, si kwenye bodi.