Mifupa ikitokea kwenye msingi, fanya hivi

Kwanza weka sururu chini. Huku kwetu Lamu, na zaidi Pate na Manda, watu wameishi na kuzikana kwa zaidi ya miaka elfu, kwa hiyo anayechimba msingi au shimo la choo akikuta mfupa asishtuke wala asiharakishe kuutoa. Nimeshika mwiko pamoja na wanaakiolojia, wale wanaochunguza mabaki ya kale, na kinachowauma kuliko yote ni kukuta mifupa imeshatiwa kwenye karai. Mfupa uliong'olewa husema machache sana.

Tazama bila kugusa. Kaburi la Kiislamu la hapa utalitambua: maiti kalazwa ubavu wa kulia, uso umeelekea kibla, yaani kaskazini, kichwa kiko mashariki. Akiwa amelala vingine, huenda kaburi lilivurugwa, au ni la watu wa kabla ya Uislamu. Kisha angalia udongo. Shimo lililofukiwa hubaki na rangi yake hata baada ya karne nyingi. Udongo wake umechanganyika na vijipande vya matumbawe na vigae vya vyungu, na ukiukwangua kwa ncha ya mwiko ni laini kuliko wa pembeni. Mpaka huo wa rangi ni mwembamba, unafutika kwa kisigino kimoja. Usiukanyage, tafadhali. Ndio unaoonyesha kaburi lilianzia tabaka lipi la udongo, na vigae vya tabaka hilo ndivyo vinavyosaidia kukadiria umri wa kaburi.

Piga picha ukiwa juu yake, umelaza futi ya fundi kando. Pima kina kutoka usawa wa ardhi, andika. Usioshe kitu, na usiokote jino hata moja: jino, pamoja na mfupa mgumu wa ndani ya sikio, ndivyo vinavyotunza DNA vizuri. Utafiti wa watu 80 wa kale, uliotolewa 2023 na kuhusisha Manda na Faza, ulionyesha kwamba upande wa mama asili ya wengi ni hapa hapa Afrika, na upande wa baba wengi walitoka Uajemi. Wazee wetu wamejulikana kwa vipande vidogo hivyo.

Funika kwa turubai. Mwite imamu na mzee wa mtaa, na siku hiyo hiyo toa taarifa Makumbusho ya Lamu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inataka Makumbusho yaarifiwe, na kuchimbua mabaki ya kale bila leseni ni kosa. Ukiona zipu, nailoni au nguo ambayo haijaoza, anza na polisi.

Atakayekuja kusoma udongo ni mwanaakiolojia. Mtaalamu wa mifupa atatazama nyonga ajue kama ni mwanamke au mwanamume, na meno akadirie marehemu alikuwa na umri gani. Kabla hawajainua chochote, waulize mbele ya imamu: mifupa inapelekwa wapi, na itarudi kuzikwa lini? Hiyo ni haki ya mtaa, nami naona jibu liandikwe. Nao watakuuliza ulichimba kina gani na nani mwingine alikuwepo, basi fundi na vibarua wasiondoke kwanza.