Pikipiki Kuukuu Kwenye Mbio za Vumbi: Kaza Kwanza, Nguvu Baadaye

Uwanja wa mbio za vumbi ni mzingo wa udongo ulioshindiliwa, wenye sehemu mbili zilizonyooka na kona zinazokata kushoto. Vifupi havifiki mita 400 kwa mzunguko, vikubwa hufika mita 800 na hata 1,600. Anayeanza aanzie kwenye kifupi. Pale kinachoamua ni mshiko wa tairi la nyuma, na injini yenye nguvu kuliko mshiko huo huzungusha gurudumu bure huku mwenye pikipiki ndogo iliyokazwa vizuri akitoka kwenye kona mapema. Kwa hiyo pesa na muda viende kwanza kwenye fremu, magurudumu na shokapu. Injini ipewe afya, si misuli.

Kuchagua pikipiki

Tafuta ya silinda moja, mipigo minne, inayopozwa kwa hewa, cc 125 hadi 250. Honda CG125 ni mfano mzuri: vali zake husukumwa kwa fito, haina cheni ya kemu (ya kuendesha vali) ya kulegea, na fundi yeyote anaijua. Ukitaka kubwa zaidi, Yamaha XT500 na ndugu yake SR500 iliyotoka mwaka 1978 zimetengenezwa kuwa za vumbi mara nyingi, na kwa silinda mbili kuna XS650. Hizo za cc 500 kwenda juu ni nzito, zina kiki ngumu, na zikianguka zinaumiza. Usianze nazo.

Rangi iliyochubuka, siti iliyochanika, waya zilizoungua na taa zilizovunjika zisikukatishe tamaa, kwani karibu zote zinatoka. Kinachokataza kununua ni fremu iliyopinda au iliyopasuka. Kupima mpindo unahitaji uzi tu. Nyoosha usukani, funga uzi mrefu nyuma ya tairi la nyuma kwa kimo cha nusu ya gurudumu, uvute pande zote mbili hadi mbele huku ukigusa kingo zote za tairi la nyuma. Pima nafasi kati ya uzi na tairi la mbele, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita chache huenda ni ekseli ya nyuma iliyokaa upande. Sogeza virekebishi vya cheni upime tena. Ikibaki vilevile, fremu au swingamu (mkono wa nyuma unaoshika gurudumu) imepinda.

Nyufa hujificha. Hupenda shingo ya fremu, chini ya tangi, na mahali injini inaposhikwa. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, paka mafuta ya taa, acha dakika 15, kisha pangusa pakauke kabisa. Sugua chaki nyeupe juu yake na ungoje. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatarudi juu na kuchora mstari mwembamba wa kijivu kwenye chaki, mara nyingi pembeni mwa mshono wa kuchomelea. Ukiuona mstari huo shingoni, tafuta fremu nyingine. Kuchomelea juu ya ufa bila kuuchimba hadi mwisho wake kunauficha tu, nao utaendelea kukua ndani.

Kuvua na kukata

Kabla ya kugusa grinda, soma kanuni za daraja unalotaka kushindania. Madaraja mengine hudai fremu ya asili isiyokatwa, mengine hukataza breki ya mbele, mengine huruhusu matairi ya aina moja tu. Watu wengi wamekata fremu nzuri kisha wakakosa daraja la kuingia.

Toa taa, indiketa, vioo, honi, stendi zote, pegi za abiria, kifuniko kizito cha cheni na betri kama mfumo wa moto wa plagi unaweza kufanya kazi bila hiyo. Weka kila boliti kwenye mfuko wake wenye jina. Vishikio vidogo vilivyobaki kwenye fremu kata kwa msumeno na umalizie kwa faili, usizame kwenye bomba lenyewe. Grinda ikila nusu milimita ya ukuta wa bomba umeanzisha ufa wa kesho.

Mkia ukikatwa, malizia kwa pinde la bomba la chuma la milimita 22, ukuta wa milimita 2, lichomelewe likiwa na kipande cha bomba jembamba ndani ya kila kiungio ili mshono usibebe mzigo wote. Chomoa betri na kisanduku cha CDI (kinachopeleka umeme kwenye plagi) kabla ya kuchomelea, na bana waya wa udongo (ethi) karibu kabisa na mahali pa kazi. Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye beringi huziharibu.

Magurudumu

Inchi 19 mbele na nyuma ndicho kipimo cha mchezo huu, kwa sababu matairi yaliyotengenezwa mahsusi kwa vumbi huja katika kipimo hicho, na gurudumu kubwa hutulia zaidi linapoteleza. Rimu ya mbele ya inchi 2.5 na ya nyuma ya inchi 3 hukaa vizuri na matairi hayo. Kwa cc 125 si lazima: kama kanuni zinaruhusu, baki na rimu za asili na uweke matairi yenye vitufe vifupi vilivyokaribiana. Vitufe virefu vya matope hujikunja kwenye udongo mgumu na kuachia ghafla, jambo linaloogofya katikati ya kona.

Upepo anza na psi 22 mbele na 20 nyuma, tairi likiwa baridi, kisha badilisha psi moja moja. Ukishusha sana, tairi linajizungusha juu ya rimu, linavuta tyubu na kukata shina la vali. Chora mstari kwa rangi kutoka kwenye tairi hadi kwenye rimu; mistari ikiachana baada ya mazoezi, umejua.

Spoku zigonge moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti butu. Kaza kwa robo ya mzunguko, ukirukia spoku ya tatu au ya nne badala ya kufuatana, mpaka rimu iyumbe chini ya milimita moja kwa upande na kwa juu na chini. Spoku mpya hulegea baada ya mazoezi ya kwanza kabisa, kwa hiyo zikazwe tena kabla ya kuingia mara ya pili.

Hapa ndipo pa kubadilisha pia beringi za magurudumu, koni za usukani na bushi za swingamu. Usizihurumie. Bushi iliyolegea milimita moja kwenye egemeo hufanya ncha ya gurudumu icheze mara kadhaa zaidi, na mpanda hudhani ni tairi linaloteleza kumbe ni swingamu inayopiga kona peke yake. Inua nyuma, shika swingamu, isukume kushoto na kulia: isicheze hata kidogo.

Shokapu na mkao wa pikipiki

Shokapu za pikipiki za zamani ni laini mno. Mwaga oili yote ya mbele, osha ndani kwa mafuta ya taa, kausha, badilisha sili, weka oili nzito zaidi, ya 15W mahali pa 10W. Kagua nguzo za shokapu kwa ukucha. Kidonda cha kutu unachokihisi kitakata sili mpya siku ileile.

Kisha pima mzamo. Mwombe mtu ashike pikipiki, panda ukiwa umevaa vifaa vyote, na pima shokapu imezama kiasi gani kutoka pale ilipokuwa imenyooka kabisa. Lenga asilimia 25 hadi 30 ya safari yake yote. Shokapu yenye safari ya milimita 140 izame kati ya 35 na 42. Ikizama zaidi, ongeza kipande cha bomba gumu juu ya springi, milimita 10 kwa kila upande, upime tena. Ukifika milimita 30 za nyongeza na bado inazama, springi yenyewe ni dhaifu, ibadilishe.

Pikipiki ya barabarani mara nyingi hukataa kuingia kona ya vumbi. Legeza vibano vinavyoshika nguzo za shokapu na uzipandishe kwa milimita 5, jaribu, kisha 10. Kwa pikipiki yenye umbali wa takriban milimita 1,400 kati ya ekseli, milimita 10 husimamisha pembe ya shingo kwa karibu nyuzi 0.4. Inaonekana kidogo lakini inahisika mara moja. Ukizidisha, usukani unaanza kutikisika kwenye sehemu iliyonyooka. Hakikisha pia tairi haligusi kibano cha chini shokapu ikizama hadi mwisho: toa springi, sukuma chini kwa mkono, utazame.

Usukani uwe mpana, milimita 800 hadi 890, uliorudi nyuma kidogo, ili kiwiko cha kulia kiweze kupanda juu. Pegi ya kulia ndiyo inayobeba uzito wako, kwa hiyo iwe imara, yenye meno, na iwe karibu na kanyagio la breki kiasi cha kubonyeza bila kuinua mguu mzima.

Breki ya mbele ikitolewa, ya nyuma inafanya kazi yote. Fungua ngoma, kwangua mng'ao wa viatu vya breki kwa msasa namba 80, punguza ncha ya mbele ya kila kiatu kwa faili ili isinate ghafla, na paka grisi kidogo sana kwenye kemu inayotanua viatu hivyo.

Injini

Pima mgandamizo injini ikiwa ya moto, mkono wa mafuta (akseleta) ukiwa umefunguliwa kabisa. Ukipata chini ya kiwango cha kitabu cha pikipiki hiyo, mimina kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, tazama vali. Ringi mpya iache nafasi mdomoni ya karibu milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za upana wa silinda: silinda ya milimita 87 inataka takriban 0.35. Nafasi ikiwa ndogo mno, ncha hukutana injini ikipata moto na silinda huchanika.

Kichujio cha hewa ni muhimu kuliko jeti yoyote (tundu dogo la kabureta linalopitisha mafuta). Tumia cha sponji kilicholoweshwa oili maalum, na paka grisi kwenye mdomo wake kinapokaa. Ukitoa kisanduku cha asili cha hewa na kuweka ekzosi iliyo wazi zaidi, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi. Ongeza jeti kuu hatua moja, kimbiza kwa mafuta yote, zima injini hapo hapo ukiwa umebana klachi, chomoa plagi. Kauri nyeupe kabisa ni onyo la joto: ongeza tena. Masizi makavu meusi: punguza.

Uwiano wa sproketi utakupa zaidi kuliko kazi yoyote ya kichwa cha injini. Jino moja mbele ni sawa na karibu meno matatu nyuma: 15 kwa 45 ni 3.00, 14 kwa 45 ni 3.21, na 15 kwa 48 ni 3.20. Lengo ni injini ikaribie kilele cha kasi yake ya kuzunguka pale unapofunga mafuta mwishoni mwa sehemu iliyonyooka, bila kubadilisha gia tangu mzunguko wa kwanza uishe. Ikilia juu kabla ya kufika, punguza meno ya nyuma. Cheni iache mchezo wa milimita 25 hadi 35, ukipima pale inapokaza zaidi, wewe ukiwa umekaa.

Mwisho toboa boliti ya kumwagia oili na kifuniko cha chujio kwa tundu la milimita 1.5, uvifunge kwa waya wa milimita 0.8, ukivuta upande wa kukaza. Funga swichi ya kuzima injini yenye kamba ya mkononi. Wakati injini ikinguruma taratibu, geuza usukani mwisho hadi mwisho: sauti ikipanda, kebo ya mafuta imebanwa, ipitishe njia nyingine. Mafuta yakiachiwa lazima yajifunge yenyewe, kila mara.

Kupanda

Kiatu cha chuma huvaliwa juu ya buti la kushoto, kwa sababu mguu huo huteleza ardhini kila kona. Usiukanyagie kwa uzito. Uweke mbele, goti limekunjwa, unyayo ukigusa tu. Mguu ukibaki nyuma ya pegi, udongo huushika na kupinda goti.

Kaa upande wa kulia wa siti, goti la kulia likibana tangi, kiwiko cha kulia juu, halafu isukume pikipiki ilale kushoto huku kiwiliwili chako kikibaki wima. Macho yawe pale unapotokea kwenye kona, kamwe yasiwe kwenye tairi la mbele. Funga mafuta, gusa breki ya nyuma, ngoja pikipiki igeuke, kisha fungua taratibu. Makosa mengi hutokea hapo: mpanda hufunga mafuta yote katikati ya kuteleza kwa woga, tairi la nyuma linashika ghafla, na pikipiki inamrusha upande wa nje. Ukiteleza kupita kiasi, punguza kidogo tu, usifunge.

Udongo hubadilika tangu asubuhi. Ukiwa laini na wenye unyevu, mshiko uko nje, kwenye vumbi lililosukumwa. Ukikauka na matairi yakiacha mstari mweusi wa mpira, ufuate mstari huo, kwani hatua moja nje yake kuna kokoto.

Kila ukitoka uwanjani, gusa spoku, cheni, nati za ekseli na boliti za injini kabla ya kunywa maji. Oili ya injini ndogo inayobeba chini ya lita moja ibadilishwe baada ya kila siku ya mbio, na sponji ya hewa ioshwe siku hiyohiyo. Weka ya pili iliyokwisha kulowekwa ndani ya mfuko uliofungwa, uende nayo uwanjani.