Unakopesha kwa dhamana ya hisa? Pata saini ya dalali kwanza

Hapa Columbus, Ohio, nilimkopesha rafiki yangu dola 30,000 aongeze lori la pili. Dhamana ilikuwa hisa zake, zilizokaa kwenye akaunti kwa dalali. Nikajaza fomu ya UCC-1, ya kutangaza dai langu juu ya hisa hizo, nikaisajili jimboni, nikajua nimemaliza. Miezi minane baadaye akakopa kwingine kwa hisa zilezile. Biashara ilipokwama, mkopeshaji wa pili akalipwa kwanza. Mimi niliambulia dola 4,100. Iliniuma sana.

Mkopeshaji yule wa pili alikuwa na mkataba wa udhibiti: dalali alikubali kwa maandishi kutii maagizo yake juu ya akaunti ile. Sheria ya biashara ya majimbo ya Marekani, UCC, inautambua usajili wa dai juu ya hisa, lakini mwenye udhibiti humtangulia aliyesajili tu, hata kama amekuja nyuma yake.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hata senti, mwambie mkopaji awasiliane na dalali wake ili nyote watatu mtie saini mkataba huo. Sheria haimlazimishi dalali kukubali, na wengi wana fomu yao wenyewe. Isome polepole ukitafuta sentensi moja: kwamba dalali atatekeleza maagizo yako juu ya akaunti ile bila kuomba tena ridhaa ya mwenyewe. Kama haimo, usisaini. Mkopaji anaweza kuachiwa aendelee kununua na kuuza hisa, na udhibiti wako ukabaki palepale. Mimi humruhusu. Kutoa pesa au kuhamisha hisa ndiko ninakokataza kwa maandishi.

Jambo linalosahaulika ni dalali mwenyewe. Akimkopesha mteja wake kwa hisa hizo, anao udhibiti tayari bila mkataba wowote, na anakutangulia hata wewe. Mtake aandike kwamba anakupisha, isipokuwa kwa ada zake na gharama za manunuzi, na kwamba hatamkopesha mteja kupitia akaunti hiyo.

Kama hisa ni za cheti cha karatasi, chukua cheti chenyewe, kikiwa na saini ya mwenye hisa ya kukuhamishia.

UCC-1 sajili vilevile. Hudumu miaka 5, na huhuishwa ndani ya miezi 6 ya mwisho.

Mkopo wangu uliofuata ulikuwa na mkataba wa kurasa sita. Saini yangu na ya mkopaji ziliingia Jumatatu, ya dalali Alhamisi. Hundi niliiandika Ijumaa.