Siga na kahawa: namna ya kuvuta robusto moja bila kuunguza ulimi

Mara ya kwanza navuta siga, ule msokoto mnene wa majani matupu ya tumbaku, nilikua na njaa, nikameza moshi kama sigara ya kawaida, dakika kumi baadae niko chini nimeshika kichwa jasho jembamba linanitoka na washkaji wanacheka. Kwahiyo kabla ya yote kula, kitu kizito kabisa, alafu moshi wa siga haumezwi, unaishia mdomoni basi. Na kama huvuti tumbaku kabisa usianze kwa sababu yangu, siga moja ina nikotini nyingi kuliko sigara moja na kutokumeza moshi hakuzuii kansa ya mdomo. Haya, waliobaki twende.

Hatua ya 1: chagua siga

Tunataka yenye uzito wa kati. Uzito ni vile moshi unavyokaa mdomoni, fikiria uji, kuna uji wa mgonjwa, kuna wa kawaida wa asubuhi, alafu kuna ule mzito wa ulezi unaosimamisha kijiko, sisi tunachukua wa katikati. Saizi chukua robusto, yani ile fupi nene, urefu inchi 5 na unene 50, hiyo 50 wanahesabu sehemu za 64 za inchi kwahiyo unene ni karibu sentimita 2. Mi napenda yenye jani la nje la Cameroon, ambalo kweli linalimwa Cameroon na Jamhuri ya Afrika ya Kati, ukilipapasa lina vipele vidogo kama ngozi ya mtu aliyepigwa na baridi, na lina utamu flani wa viungo. (Wa Tabora msinipigie kelele, ile tumbaku ya mvuke mnayolima nyie, inayokaushwa kwa joto la moto, ni ya sigara. Majani ya siga yanaanikwa kwa hewa tu alafu yanalundikwa yachachuke kwa joto lake yenyewe.)

Ibonye taratibu kwa vidole viwili, inatakiwa ibonyee kidogo irudi. Ikilia kama jani kavu hiyo imekufa. Kwetu Dar shida ni kinyume, hewa ina maji mengi mno, siga inataka unyevu wa asilimia 65 mpaka 70 hivi, ikizidi inazimika zimika ovyo, kwahiyo weka kwenye kontena la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakti vya kurekebisha unyevu. Na isikae kwenye joto, kuna mdudu wa tumbaku anatotolewa humo humo ndani anatoboa vitundu kama vya sindano, nimeshatupa nusu boksi mimi.

Hatua ya 2: kahawa, na hapa ndo wengi wanakosea

Wanakosea kwa kuleta kahawa ya moto kama lava alafu wanakunywa yote siga haijafika hata robo. Ulimi ukiungua hamna kitu utaonja tena. Kahawa nayo inabadilika ikipoa, ikiwa moto unasikia uchungu zaidi, ikiwa vuguvugu utamu unatoka, na siga nayo inabadilika kadri inavyoungua, kwahiyo mpango mzima ni kuvitembeza pamoja, kikombe kimoja lisaa limoja.

Mi natumia arabika ya Kilimanjaro iliyokaangwa wastani, gramu 15 (vijiko vitatu vikubwa vya kusawazisha) kwa maji mililita 240, kwenye plunja, lile jagi lenye kichujio cha kusukuma, maji yakishachemka ngoja kama nusu dakika ndo umimine, dakika 4 unasukuma chini. Sukari hapana. Kahawa ya Kenya daraja AA ni tamu sana yenyewe ila ule ukali wake kama zambarau ukikutana na moshi mi nasikia ladha ya chuma. Na kahawa chungu ya kwenye dele nayo siipeleki hapa, tangawizi inashika mdomo mzima, ile ina kashata yake na baraza lake.

Onja kahawa kwanza, mafunda mawili, kabla hujawasha chochote. Ukianza na siga hutoijua tena kahawa yako.

Hatua ya 3: kukata na kuwasha

Kichwani kuna kikofia kidogo cha jani, kata milimita 2 tu. Ukikata ndani sana jani linaanza kufumuka kama bandeji. Vuta hewa kabla ya kuwasha, usikie ladha, kwangu huwa inakuja kama mbao ya kabati jipya.

Tumia kiberiti cha gesi au njiti ndefu ya mbao, njiti iache kwanza iungue ile baruti ya kichwani. Cha petroli utavuta petroli. Shika siga ikiinama, moto uwe chini yake usiiguse, izungushe pole pole mpaka ukingo wote uwe mweusi na katikati uanze kung'aa, ndo uweke mdomoni upige pafu mbili tatu ukiendelea kuzungusha. Puliza kwa nje uangalie kaa limekolea duara zima, upande uliobaki mweusi uguse na moto. Usiharakishe hapa, ikianza upande itaenda upande mpaka mwisho.

Hatua ya 4: kuonja

Pafu moja kwa dakika, sio zaidi. Ukipiga haraka haraka inapata moto na inakua chungu, alafu unalaumu siga. Zungusha moshi mdomoni, toa, subiri sekunde kadhaa ndo funda dogo la kahawa, sio vyote pamoja. Theluthi ya kwanza mi nasikia pilipili manga na korosho za kukaanga. Katikati ndo penyewe, kahawa imekua vuguvugu, hapo jaribu kutoa moshi kidogo sana kupitia puani bila kuuvuta kifuani, utawasha macho mara ya kwanza lakini harufu zote ziko huko, mdalasini mi niliusikia huko nikadhani naota.

Jivu usilikung'ute kama la sigara, liache lifike kama inchi moja, ligusishe tu kwenye kisahani litaanguka.

Kichwa kikianza kuzunguka weka chini, kula kashata au kunywa soda, pumzika, sio mashindano.

Hatua ya 5: kumaliza

Theluthi ya mwisho inazidi nguvu na joto, punguza pafu, na kahawa iliyobaki inywe hivyo hivyo imepoa, usiipashe. Vidole vikisikia moto acha. Usiikandamize, inatoa harufu mbaya balaa, ilaze tu kwenye kisahani itazima yenyewe, alafu kisahani kitoe nje usiku huo huo, usipotoa asubuhi utaulizwa na mwenye nyumba.