Choo Kinachovuja Usiku Kucha: Kwa Sisi Tunaopanga Kampala

Kama umetoka Mombasa, Arusha au Bukavu ukapanga nyumba Kampala, bili ya maji ya NWSC, shirika la maji la Uganda, unaijua. Ikipanda ghafla na watu nyumbani ni walewale, usianze na msoma mita. Ingia chooni usikilize.

Maji yanayochuruzika kwenye bakuli ni mengi kuliko yanavyoonekana. Yakitosha kujaza chupa ya lita 1 kwa dakika 5, kwa siku ni lita 288, yaani madumu 14 ya lita 20. Kwa mwezi yanapita yuniti 8, maana yuniti moja ni lita 1,000. Penye mita moja ya wapangaji wote, majirani nao wanakulipia, na hapo ndipo ugomvi wa uani unapoanzia.

Usinunue kifaa chochote kabla hujajua maji yanapitia wapi. Wengi hubadilisha kila kitu tangini, wakamlipa fundi, kumbe kosa lilikuwa moja. Fungua mfuniko. Utaona bomba fupi lililosimama, la kupunguza maji yakizidi. Maji yakiwa yanaingia mdomoni mwake, ubovu uko kwenye koki yenye boya. Yakiwa chini ya mdomo huo, lakini tangi linajijaza lenyewe kila baada ya muda, ubovu uko kwenye mpira wa chini, ule unaoziba tundu la kushushia maji kwenye bakuli. Ukiwa bado na shaka, tia rangi ya chakula tangini, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikitokea kwenye bakuli, ni mpira.

Tuanze na boya. Linyanyue kwa mkono. Maji yakikatika, lishushe tu kwa skrubu yake hadi maji yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba lile. Yasipokatika, koki imeingia uchafu au washa yake, kile kipira kidogo cha kuzibia maji, imelika. Maji yakikatika mtaani kisha yakarudi, mara nyingi huja na mchanga na kutu, na chembe moja inatosha kuizuia koki isifunge. Funga koki ndogo ya ukutani, fumua ile ya boya, osha kichujio na washa. Na kama choo kinatulia mchana kikavuja usiku, usishangae: watu wakilala, presha ya bomba hupanda.

Mpira ni kazi fupi. Funga maji, flashi, zungusha mtambo wa kuflashi kidogo uachie, uutoe. Futa mpira na pale unapokalia. Ukiwa mgumu au umepasuka, nunua mwingine.

Dukani nenda na kile cha zamani mkononi. Vipuri hivi kila fundi ana jina lake, na vipimo vinafanana kwa macho tu. Mwenye nyumba mpigie kabla ya kununua, utunze risiti. Ukimwendea baada ya kazi, kukata kwenye kodi kunakuwa kesi.

Ukimaliza, funga mabomba yote uangalie mita. Kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna bomba jingine linalovuja baada ya mita, labda chini ya sakafu, na hapo mwite fundi. Mvujo ukiwa kabla ya mita, waite NWSC.