Kumleta mwandishi dukani: kusoma, kusaini na kuuza bila vurugu

Hatua hizi zimepimwa kwa duka dogo la vitabu la Dar es Salaam, lenye nafasi ya kukalisha watu 30 hadi 40 rafu zikisogezwa kidogo. Mombasa au Nairobi utabadilisha saa na majina ya mitandao ya malipo. Mengine ni yale yale.

Kwanza, usiite shughuli hii uzinduzi. Uzinduzi una mgeni rasmi, meza kuu, hotuba na mnada wa nakala ya kwanza. Mgeni rasmi akichelewa saa nzima, wote mnamsubiri, na mara nyingi watu huondoka bila kusikia hata ukurasa mmoja wa kitabu kilichowakusanya. Usomaji ni dakika 90 za mwandishi, kitabu na wasomaji. Mwandishi aking'ang'ania mgeni rasmi, mshauri akodi ukumbi siku nyingine.

Hatua ya 1: Siku na saa

Zipo tarehe mbili zinazowashawishi wauza vitabu: 23 Aprili, Siku ya Vitabu Duniani, na 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Kwa Dar zote mbili zina kasoro. Aprili ni masika; mvua ikishuka saa 8 mchana, wengi waliothibitisha hawatoki nyumbani. Na 7 Julai ni Saba Saba, siku ya mapumziko, watu wako kwenye maonyesho Barabara ya Kilwa. Chagua Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara. Katikati ya mwezi watu huja, husikiliza, hupiga picha na mwandishi, kisha huahidi kurudi kununua.

Anza saa 10 jioni. Alasiri imeshaswaliwa, na ukimaliza saa 11:30 unabaki na muda wa kusaini kabla ya magharibi. Ukianza saa 11, adhana itakukuta katikati ya maswali na sehemu ya wasikilizaji itanyanyuka. Ramadhani hamisha shughuli yote hadi baada ya Idi. Kwenye tangazo andika "saa 10 jioni" kwa maneno. Ukiandika "4:00" tu, kuna atakayesoma saa nne asubuhi.

Usisubiri viti vijae. Saa 10:20 anza hata kama waliopo ni kumi, kwa sababu hao ndio waliokuheshimu.

Hatua ya 2: Vitabu vifike, na makubaliano yaandikwe

Jambo linaloharibu usomaji kuliko yote ni vitabu kutokuwepo. Mwandishi anayejichapishia atakuambia viko njiani kutoka kwa mchapaji. Kama wiki moja kabla havijafika mikononi mwake, ahirisha. Vinavyoagizwa kutoka nje viagize miezi miwili kabla.

Kadiria idadi hivi: kati ya watu 50 waliothibitisha kwa WhatsApp, tegemea 25 hadi 30. Weka nakala moja kwa kila anayetegemewa, ongeza kumi. Kama mwandishi ana vitabu vya zamani, weka nakala tano tano za kila kimoja, maana anayekipenda kipya huulizia cha zamani siku hiyo hiyo.

Vitabu huchukuliwa kwa mali kauli, yaani duka hulipa baada ya kuuza, lakini kauli hiyo iwe kwenye karatasi. Andika idadi iliyopokelewa, bei ya kuuzia, fungu la duka, siku ya malipo na nani anabeba hasara ya nakala iliyopotea au kuchafuka. Chukua mfano: nakala 40 kwa bei ya shilingi 20,000, fungu la duka asilimia 30. Zikiuzwa 26, mauzo ni 520,000. Duka linabaki na 156,000 na mwandishi anapata 364,000. Wekeni sahihi wote wawili baada ya kuhesabu pamoja, hata kama mwandishi ni ndugu yako. Hasa kama ni ndugu yako.

Kabla ya kusaini karatasi hiyo, fungua nakala tano za maboksi tofauti. Angalia kurasa zilizorukwa, kurasa zilizofungwa juu chini na gundi inayoachia mgongoni. Kasoro ikigunduliwa na msomaji baada ya kusainiwa, unabadilishaje kitabu chenye jina lake?

Hatua ya 3: Panga duka

Mwandishi akae upande wa mbali na mlango, wasikilizaji waupe mlango mgongo. Hivyo wanaochelewa huingia kimya nyuma. Eneo la mita 5 kwa 5 linabeba viti 30 vya plastiki pamoja na njia ya kupita. Ukibana zaidi, watu wa kati hawawezi kutoka kununua.

Kwa chumba kama hicho maiki si lazima, ila kama duka liko barabarani au mwandishi ana sauti ndogo. Ukitumia, spika iwe mbele ya maiki, ikielekea kwa watu. Ikiwa nyuma ya msomaji, sauti inarudi kwenye maiki na kuanza kupiga mluzi. Maiki ikae umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, chini kidogo ya midomo, na feni isiipulizie. Azima spika yenye betri na uichaji usiku wa kuamkia siku hiyo. Umeme ukikatika mnaendelea.

Hatua ya 4: Usomaji wenyewe

Dakika 10 hadi 12, basi. Waandishi wengi huomba nusu saa. Wakatalie kwa adabu. Ukurasa wa riwaya ukisomwa kwa utulivu huchukua dakika mbili hadi tatu, kwa hiyo ni kurasa nne au tano, zigawanywe vipande viwili na maelezo mafupi katikati. Kipande cha pili kiishe kabla jambo halijajulikana, ili jawabu libaki kwenye kitabu kinachouzwa pale mezani. Epuka mazungumzo ya wahusika wanne kwa mpigo. Msikilizaji haoni nani anasema. Vipande vichapwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, maana taa za dukani humulika rafu, si msomaji.

Diwani, yaani kitabu cha mashairi, ina utaratibu wake. Shairi la vina na mizani likisomwa kama taarifa ya habari linakufa. Muulize mtunzi mapema kama anaghani, yaani kulisoma shairi kwa sauti ya kuimba. Mtunzi hodari si lazima awe mghani, na hakuna aibu kumwalika mghani aketi naye. Chagua beti sita hadi nane, na kama kibwagizo hakibadiliki, wafundishe wasikilizaji wakipokee. Mpe mghani shairi siku tatu kabla apate mahadhi yanayolifaa. Akipewa palepale ataliingiza kwenye mahadhi aliyoyazoea, yafae yasifae.

Anayemhoji mwandishi awe amesoma kitabu chote. Apige marufuku swali la "tueleze historia yako kwa ufupi", kwani halijawahi kujibiwa kwa ufupi.

Wakati wa maswali, msaidizi wako aishike maiki mwenyewe na kumsogezea muulizaji. Akiikabidhi, unapata hotuba.

Hatua ya 5: Meza ya kusaini

Hapa ndipo pesa ilipo, na ndipo fujo hutokea. Njia iwe moja: viti, meza ya malipo, meza ya kusaini, mlango. Asiyelipa asifike kwa mwandishi na kitabu cha duka mkononi. Mwandishi hatakumbuka kumuuliza, na kitabu kikishaandikwa jina hukirudishi rafuni. Anayekuja na nakala aliyonunua zamani mpokee bila kinyongo, ila apite meza ya malipo apewe kikaratasi kama wengine.

Kikaratasi hicho ndicho kinachookoa muda. Aliyeko kwenye malipo anamuuliza mnunuzi jina, analiandika juu yake kwa herufi kubwa na kukichomeka kwenye ukurasa wa ndani wenye jina la kitabu, ambako ndiko husainiwa. Usikisie tahajia. Asha si Aisha wala Aysha. Kuna Hadija na Khadija, Mohamedi na Muhammad. Muulize pia kitabu ni chake au ni zawadi.

Jina, sentensi moja, sahihi na picha ni dakika moja na nusu kwa mtu. Saa moja inatosha watu 40. Mwandishi akianza kuandika barua kwa kila mtu, wa mwisho wataondoka. Picha zipigwe na mtu wako, kwa simu ya mnunuzi, mwandishi akiwa ameketi.

Kalamu: jaribu kwenye karatasi ya kitabu chenyewe. Bolpeni nyeusi inafaa karatasi ya kawaida ya riwaya. Kwenye karatasi yenye kung'aa, kama ya vitabu vya watoto vya picha, wino wa jeli haukauki haraka na hupaka ukurasa wa pili. Tumia kalamu ya alama yenye ncha nyembamba, na uache kitabu wazi kidogo. Kalamu hiyo hiyo kwenye karatasi nyepesi hupenya upande wa pili. Weka kalamu nne, kwa kuwa mbili zitaondoka na wateja.

Kwenye malipo, bandika lipa namba mahali panapoonekana kutoka kwenye foleni. Thibitisha ujumbe kwenye simu ya duka, si kwenye simu ya mteja. Picha ya muamala ni rahisi kughushi. Mtandao huyumba, kwa hiyo uwe na chenji ya noti za 5,000 na 2,000. Risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, itolewe palepale.

Hatua ya 6: Kufunga hesabu

Kabla mwandishi hajaondoka, hesabuni nakala zilizobaki na mlinganishe na mauzo. Zikipungua, tafuteni kwanza kwenye viti na chini ya meza ya kusaini. Nakala za zawadi alizotoa mwandishi ziandikwe peke yake, la sivyo zitaonekana zimeibwa.

Mwombe asaini nakala tano hadi kumi za rafuni, sahihi tu bila jina la mtu. Lakini muulize mchapishaji kwanza kama atazipokea zikirudi, kwa sababu wapo wanaozihesabu kuwa zimeshauzwa. Zibandike stika isemayo "Imesainiwa na mwandishi", ya gundi inayobanduka bila kuchuna jalada, na uziweke karibu na mlango. Malipo ya mwandishi yatoke siku mliyoandika kwenye karatasi.