Mtambo wa maji ya chokaa usiotumia umeme, kwa akwariamu ya matumbawe

Tangi langu la lita 200 liko sebuleni, Katuba, Lubumbashi. Bahari iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, lakini matumbawe hayana habari: yanajenga mifupa usiku na mchana, na kila siku yanapunguza kalsiamu na ualkali wa maji (akiba inayozuia pH isishuke). Maji ya chokaa hurudisha vyote viwili kwa mpigo mmoja.

Zamani nilitumia pampu ndani ya bidoni ya lita 20. Usiku mmoja umeme ulikatika, pampu ikasimama, lakini maji yakaendelea kujivuta yenyewe kwenye mpira mpaka bidoni ikakauka. Asubuhi tangi lilikuwa kama maziwa. Tangu hapo nina sheria moja: chombo cha juu kisibebe zaidi ya maji ya usiku mmoja.

1. Vifaa. Tiyo ya PVC ya milimita 110, urefu sentimita 60 (hubeba lita 5 hivi), na vifuniko vyake viwili. Tiyo nyembamba ya milimita 20. Kidoni, yaani bidoni ndogo, cha lita 3. Mpira wa serumu mpya, ule wa kumtundikia mgonjwa maji, wenye kigurudumu cha kubana. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Robine (koki za maji) za shaba ya njano ziache dukani hata ukipewa bure. Mji wetu unakula kwa shaba, lakini uduvi na matumbawe hufa kwayo.

2. Chokaa. Huku kwetu migodi inatumia chokaa kwa matani, kwa hiyo utaona ya bei ya chini kila mahali. Usiitie kwenye tangi, hujui imebeba nini. Tafuta haidroksidi ya kalsiamu safi, ya daraja la chakula. Unga ukichemka na kutoa mvuke unapotiwa maji, hiyo ni chokaa isiyozimwa, irudishe. Vaa glavu na miwani: maji haya yana pH ya 12.4. Yakikuingia jichoni, suuza kwa maji safi dakika 15 bila kuacha, kisha nenda hospitali.

3. Kuunganisha. Gundisha kifuniko cha chini. Kile cha juu kitoboe katikati, upitishe tiyo nyembamba, na uzungushie mpira wa baiskeli ili ibane lakini iweze kupanda na kushuka. Kwenye ncha yake ya chini funga kisahani cha plastiki chenye matundu, ila usizibe mdomo wa tiyo. Sasa tiyo hiyo ina kazi mbili: inapeleka maji safi chini kabisa, na ndiyo mwiko wako wa kukorogea. Sentimita 5 chini ya kifuniko, toboa tundu la kutokea na uunganishe mpira unaoelekea tangini, mahali penye mkondo mkali. Ncha yake ining'inie hewani, isiguse maji. Tundu hilo liwe juu kuliko usawa wa maji ya tangi, na kidoni kiwe juu zaidi ya vyote, mpira wa serumu ukitoka kwake na kuingia mdomo wa juu wa tiyo nyembamba.

4. Kupakia. Gramu 100 za chokaa, kisha maji ya chujio la osmosi (linalozuia chumvi na uchafu) mpaka kwenye tundu. Chokaa huyeyuka kidogo tu, gramu 1.6 hivi kwa lita kwenye nyuzi 25, kwa hiyo nyingi hulala chini ikisubiri zamu. Usiogope.

5. Kila siku. Saa kumi na moja jioni tundika ncha ya mpira wa kutokea juu ya kifuniko, kisha pandisha na kushusha tiyo mara ishirini, taratibu. Subiri saa mbili mpaka maji yawe angavu. Kinachotakiwa tangini ni maji hayo angavu, si uji wa chini. Saa moja usiku rudisha ncha mahali pake, tia kwenye kidoni maji ya osmosi ya usiku huo, na ufungue serumu. Usiku pH ya tangi hushuka, ndipo chokaa inafaa zaidi.

Hesabu: lita 2.4 kwa saa 12 ni mililita 200 kwa saa. Mpira wa matone 20 kwa mililita unataka matone 67 kwa dakika. Hesabu ukiangalia saa, kigurudumu kinadanganya. Kwenye tangi langu kiasi hicho huongeza kalsiamu kama miligramu 10 kwa lita kila siku. Wiki ya kwanza weka lita moja tu kila usiku.

Maji ya chokaa huchukua nafasi ya maji yaliyopotea kwa mvuke, hayaongezwi juu yake. Kiangazi, hewa ikiwa kavu, mimi hupoteza lita 3 kwa siku. Masika, hata 1.5 haifiki, na matumbawe hula vilevile. Miezi hiyo ninapima ualkali kila wiki, na upungufu naujaza kwa njia nyingine.

Pima pH asubuhi kabla ya taa. Ikipita 8.6, funga serumu, fungua madirisha, washa pampu ya hewa.

6. Chokaa imekwisha? Chukua maji kidogo ya mtambo kwenye glasi, upulize ndani kwa mrija kama tulivyofanya shuleni (kupuliza, si kuvuta). Yakiwa meupe, bado. Yakibaki angavu, mwaga masalio, suuza tiyo kwa siki, halafu kwa maji, upakie upya. Kwangu hufika siku ya ishirini hivi.